Shajara ya tangi la lita 96: vichujio vinne, kabati moja, na maji ya Jumamosi

Kabla ya maji

Tangi la kufugia samaki wa baharini limefika. Limekaa juu ya kabati la sebuleni hapa Northampton, Uingereza, kioo kitupu, sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Ukizidisha unapata lita 96, lakini hizo ni lita za kwenye karatasi. Maji yatakomea sentimita 3 chini ya ukingo, lita 7 zimeshakwenda hapo. Mawe na mchanga vitakula nyingine kumi na kitu. Nitabaki na lita 78 hivi za maji yenyewe. Naiandika namba hii mapema kwa sababu kila chombo nitakachonunua kitapimwa kwayo. Maboksi ya madukani yanaandikwa na watu wenye matumaini makubwa: "hadi lita 300", na ndani ya hizo 300 hakuna samaki hata mmoja anayekwenda haja.

Ninachotaka ni kidogo. Matumbawe laini, yale ya uyoga na yale yanayopunga mikono kwenye mkondo, samaki wawili, kamba mmoja wa kusafisha wenzake, konokono wa kulamba vioo. Samaki ni wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, waliozaliwa kwenye matangi ya wafugaji, Amphiprion ocellaris. Kwetu Zanzibar hao hawapo baharini, tunao ndugu zao, allardi na akallopisos, ila dukani hapa wanaouzwa kwa wingi ni hao wa kufugwa, na mimi sitaki samaki aliyetolewa baharini kwa ajili ya sebule yangu.

Nilimpigia simu mjomba, ambaye amevua Nungwi tangu mimi sijazaliwa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unafuga changu ndani ya nyumba."

"Si changu, mjomba. Samaki wa kutazama tu. Na matumbawe."

"Maji ya bahari unayapata wapi huko?"

"Nayatengeneza. Nanunua chumvi kwa kilo, nachanganya kwenye ndoo."

Kimya. Halafu: "Haya. Na maji ya bamvua yanakuja lini?"

Nilicheka, lakini usiku swali likanirudia. Maji mafu yanatikisika tu pale pale. Bamvua ndiyo inayokwenda mbali ikarudi imejaa, na kila kidimbwi kilichobaki juu ya mwamba kikapata maji mapya. Nimeandika "bamvua" kwenye kalenda ya jikoni, kila Jumamosi. Lita 10 zitatoka, lita 10 zitaingia, kama asilimia 13 ya maji yangu. Mke wangu anaulizwa na wageni neno hilo lina maana gani.

Wiki ya 1

Maji ya bomba hapa ni magumu, birika la chai linaota magamba meupe kila mwezi. Kipimo cha madini yaliyoyeyuka kinasoma 380. Kwa hiyo nanunua maji yaliyochujwa dukani, dumu la lita 25, yanayosoma 0, nayachanganya na chumvi gramu 38 hivi kwa lita moja mpaka refraktomita, kipimo cha chumvi, iseme 35. Ndoo inakoroga usiku kucha kwa pampu ndogo na hita. Maji yaliyochanganywa dakika kumi yanaonekana safi kwa macho, lakini yanachoma.

Mawe: kilo 9 makavu na kilo 2 hai kutoka tangi la dukani, yamefungwa kwenye magazeti yaliyoloa. Hizo kilo 2 zina bakteria tayari, ndizo mbegu.

Wiki ya 2, bado nasubiri

Nimetia amonia mpaka 2 mg kwa lita ili bakteria wapate chakula. Siku ya 11 nitriti imeanza kupanda. Hakuna la kufanya ila kusubiri, kwa hiyo nasoma habari za vichujio na kujichanganya.

Kilichonisaidia ni historia. Zamani watu walitegemea changarawe iliyowekewa mabomba chini yake, maji yakivutwa kupitia humo. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mtu wa Jakarta, alieleza jinsi alivyofuga samaki wa baharini na matumbawe kwa mawe hai, mwanga na viputo vya hewa, basi. Baadaye wafugaji wa Berlin wakachukua mawe hayo hayo, wakaongeza taa kali na skima, chombo kinachotoa uchafu kwa povu, na mpaka leo watu huiita njia ya Berlin. Kwa hiyo kichujio kikuu nimeshakilipia, kimekaa katikati ya tangi kama kichuguu. Juu ya jiwe, penye oksijeni, bakteria wanageuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati. Ndani kabisa ya vitundu, kusikofika oksijeni, wengine wanaigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, inapanda na kwenda zake.

Ila Lee alikuwa na bahari karibu. Mimi nina mto Nene.

Swali langu basi limepungua: mawe yakishafanya kazi yao, ni kazi gani inabaki? Makombo na kinyesi vinavyoelea. Rangi ya manjano inayokaa majini. Na vile vitu vilivyoyeyuka ambavyo havijaoza bado. Nanunua chombo kwa kazi, si kwa picha ya kwenye boksi. (Nimeandika hivi nikiwa na akili timamu. Endelea kusoma uone.)

Wiki ya 5

Siku ya 33, amonia 0, nitriti 0. Tangi liko tayari.

Kichujio cha kwanza kilikuwa cha bure. Nilikuwa nacho tangu enzi za samaki wa dhahabu wa binti yangu, kile cha kopo linalokaa kabatini, mpira mmoja unavuta na mwingine unarudisha. Nililiosha, nikajiridhisha kwamba hatukuwahi kumtibu yule samaki kwa dawa yenye shaba, maana mabaki ya shaba yanaua kamba na konokono, nikatia sponji na vile vipete vya udongo, nikawasha. Kimya kama msikiti saa nne asubuhi. Mke wangu alikipenda mara moja.

Sampu nilishaikataa, ingawa kila anayenipa ushauri anaanza nayo. Ni tangi la pili chini ya la kwanza, maji yanashuka yenyewe na pampu inayarudisha. Vyombo vyote vinajificha humo, na maji yanaongezeka. Sina ubishi na faida zake. Lakini kioo changu hakikutobolewa, ningelazimika kutumia lile boksi la kuning'inia linaloshusha maji kwa mvuto wa bomba lililopinda. Rafiki yangu wa Leicester anayo. Siku moja hewa ilijikusanya juu ya kona ya bomba, mvuto ukakatika, na pampu ya chini ikaendelea kupandisha maji kwa uaminifu wote mpaka sampu ikakauka. Lita 20 zikamwagika kwenye zulia, na jirani wa chini akapanda ngazi na ndoo mkononi. Mimi pia nina jirani wa chini. Mama wa watu anatuletea keki kila Krismasi.

Wiki ya 9

Samaki wawili wameingia wiki ya 6, kamba wiki ya 7, uyoga mmoja mwekundu wiki ya 8. Wote wazima. Nitrati 40.

Sikuamini, nikapima tena. 40. Samaki wawili wenye ukubwa wa kidole gumba hawawezi kunifanyia hivi. Nikafungua kopo. Sponji ilikuwa imebeba tope la kijivu, zito, lenye harufu ya mtaro. Yote niliyodhani nimeyaondoa majini yalikuwa bado majini, yamefichwa tu mahali nisipopaona, yanaoza taratibu, na maji yanapita juu yake saa 24. Kopo halina makosa. Ukilifungua kila wiki ukalisuuza linafanya kazi. Lakini kulifungua ni kufunga valvu mbili, kulibeba mpaka bafuni, kumwaga sakafuni glasi moja hata ukijitahidi vipi, na kurudisha. Nililifungua mara moja kwa wiki nne. Najijua.

Nimelizima, sasa limehifadhiwa tu kabatini. Nilitoa nusu ya vipete kwanza na nusu nyingine wiki moja baadaye, nikipima amonia kila jioni isije ikaruka. Haikuruka. Mawe yalikuwa yanabeba mzigo wote peke yao.

Wiki ya 11

Kichujio cha pili: cha kuning'inia mgongoni mwa tangi. Pauni 18, kimetumika. Kisanduku cha plastiki, maji yanapanda kwa bomba, yanapita kwenye vyumba, yanarudi tangini kama maporomoko madogo. Watu wa matangi makubwa wanakidharau. Mimi nimekipenda kwa sababu moja: mfuniko unainuka kwa kidole kimoja, navuta pamba chafu, naweka safi, naosha mikono, chai bado ya moto. Sekunde 40.

Pamba nabadilisha kila siku ya tatu, kabla kilichonaswa hakijaanza kuoza. Nyuma ya pamba kuna kifuko cha mkaa maalumu, vijiko vitatu vya chakula, nabadilisha kila mwezi. Siku mbili baada ya kuutia nilisimama mlangoni nikadhani taa imebadilishwa. Maji yalikuwa na manjano ambayo sikuwa nimeyaona kwa kuwa yalikuja polepole.

Mambo mawili ya kuangalia. Mdomo wa bomba la kuvuta nimeuvalisha sponji, la sivyo kamba ataishia humo. Na chumvi inatambaa: matone yanaruka, yanakauka, na kila wiki kuna ukoko mweupe ukingoni unaotembea kuelekea kwenye waya. Waya zote nimezining'iniza ziteremke chini ya plagi kwanza ndipo zipande, tone likifuata waya lidondoke sakafuni kabla halijafika kwenye umeme. Fanya hivi hata kama hufanyi jingine lolote katika shajara hii.

Mkondo nimeuongeza kwa pampu mbili ndogo za sumaku, zinatazamana kwa pembe, jumla lita 1,600 kwa saa, yaani maji yote yanazunguka kama mara 20. Makombo hayakai tena nyuma ya mawe. Yanaelea mpaka yanakutana na pamba. Nitrati wiki hii 20. Inashuka.

Wiki ya 15

Nitrati 10, fosfeti 0.10. Uyoga umezaa mtoto. Ningeacha hapa, mradi ungekwisha.

Wiki ya 16

Sikuacha. Nilikwenda dukani kununua chumvi, muuzaji akaniuliza natumia skima gani. Nikasema sina. Alinitazama kama mtu niliyemwambia naendesha gari bila breki. Nikarudi na skima ya kukaa ndani ya tangi, pauni 70, na chupa ya zile chembe nyekundu za chuma za kunyonya fosfeti, "kwa tahadhari".

Niseme haki yake, skima ni chombo cha akili. Inavuta hewa na kuipondaponda iwe viputo vidogo kama unga. Kwenye maji ya chumvi viputo havikimbilii kuungana kama kwenye maji yasiyo na chumvi, vinabaki vidogo, na takataka zilizoyeyuka zinazopenda mpaka wa maji na hewa zinang'ang'ania juu yake. Povu linapanda shingoni, linakuwa zito, linamwagikia kwenye kikombe. Kwa hiyo inatoa uchafu kabla haujaoza, jambo ambalo pamba na mkaa haviwezi kwa kiasi hicho, na inatia hewa majini. Kwenye tangi lenye samaki wengi nisingebishana na muuzaji hata kidogo.

Siku sita za mwanzo ilitema viputo tu tangini, kana kwamba samaki wanaogelea ndani ya soda. Ni kawaida, plastiki mpya mpaka izoee. Siku ya 7 kikombe kikapata kidole kimoja cha maji ya rangi ya chai iliyokolea, harufu ya soko la samaki saa nane mchana wakati wauzaji wameshaondoka. Nilikibeba kumwonyesha mke wangu. Hakutaka kuona.

"Na hilo lidude lako linakoroma," aliniambia. "Wewe nimeshakuzoea. Hilo sitalizoea."

Wiki ya 17

Skima hii inataka kina cha maji kisichobadilika. Tangi langu liko wazi na maji yanapungua lita 1.2 kwa siku; sentimita moja ya tangi ni lita 2.4, basi kila siku mbili maji yameshuka sentimita nzima na povu limekatika. Najaza kila asubuhi kwa jagi, maji matupu yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipai hewani. Kuna mashine ya kujaza yenyewe. Angalia jinsi chombo kimoja kinavyozaa kingine.

Tena, Jumanne nilipanga jiwe lililolegea. Nilikuwa nimetoka kuwapaka watoto mafuta ya nazi, nikanawa harakaharaka. Nilipoingiza mkono, povu lilianguka palepale, kama maziwa yaliyoepuliwa jikoni. Halikupanda tena mpaka Jumatano usiku. Mafuta kidogo tu ya kwenye ngozi.

Jambo moja skima ilinifundisha bila kukusudia. Baridi imeanza, madirisha yamefungwa, tuko watano na jiko la gesi linawaka, na pH, kipimo cha asidi ya maji, ikashuka mpaka 7.8 kila jioni. Mpira wa hewa wa skima nikautoa nje kupitia upenyo wa dirisha: siku mbili, 8.1. Tatizo halikuwa maji, ni hewa ya nyumba iliyojaa pumzi zetu. Siku hizi nafungua dirisha robo saa asubuhi na jioni, napata 8.0, inatosha.

Wiki ya 20

Nitrati 0. Fosfeti 0.00. Nilipiga picha vipimo vyote viwili na kumtumia rafiki yangu wa Leicester kwa majigambo. Jibu lake: "Yakhe, punguza."

Sikumwelewa.

Wiki ya 22

Nimemwelewa. Mchanga umefunikwa na ute wa kahawia, una nyuzinyuzi kama makamasi, na kila uzi una kiputo nchani. Ukiufyonza asubuhi, jioni umerudi. Ukizima taa unatoweka, ukiwasha unafufuka. Konokono wawili wamekufa. Uyoga umenyauka na kupauka, rangi nyekundu imekuwa kama ya maji ya rozela yaliyoongezwa maji.

Ni dinoflajelati, vijidudu vya seli moja. Wanapenda sana tangi ambalo nitrati na fosfeti zimekwisha, kwa sababu wapinzani wao, bakteria na mwani wa kawaida, wamekufa njaa na uwanja umebaki mtupu. Matumbawe nayo hula. Ndani ya nyama zao kuna mwani mdogo unaohitaji hizo hizo nitrati na fosfeti nilizokuwa nazifukuza. Nilikuwa na mawe yaliyokomaa, pamba, mkaa, skima, chembe za chuma na bamvua ya kila Jumamosi, vyote vikishindania kinyesi cha samaki wawili.

Hesabu hii ningeweza kuifanya wiki ya 15 kwa kalamu na karatasi. Vyombo vya tangi la lita 300 vilikuwa vinafanya kazi kwenye lita 78 zenye chakula cha kijiko kimoja cha chai kwa siku, na boksi lenyewe lilikuwa limeniambia.

Nilichofanya: chembe za chuma nje siku hiyo hiyo. Skima nikazima. Chakula mara mbili kwa siku. Maji mapya nikayasimamisha kwa wiki tatu, jambo lililoniuma kuliko yote. Ute naufyonza kupitia soksi ya pamba ili maji yarudi na ute ubaki. Taa zimezimwa siku tatu.

Wiki ya 26

Nitrati 6, fosfeti 0.05. Ute umebaki kona moja, kama kiganja cha mtoto. Kwenye kioo kumeota mwani wa kijani wa kawaida, na ni mara ya kwanza katika maisha yangu kuufurahia. Bamvua imerudi wiki iliyopita kwa lita 5, Jumamosi hii lita 10.

Watu wawili wameniuliza kuhusu taa ya urujuanimno ya kuua vijidudu. Inasaidia kwa aina za dinoflajelati zinazopanda majini usiku. Wangu walionekana hivyo, huenda ingefupisha kazi kwa wiki kadhaa. Lakini nilikuwa nimechoka kununua.

Wiki ya 31

Kinachofanya kazi sasa: mawe kilo 11, pampu mbili za mkondo, kisanduku cha pauni 18 chenye pamba na mkaa vijiko viwili, hita. Kopo liko kabatini, nalihifadhi kwa dharura ya kumtenga samaki mgonjwa. Ningekuwa na samaki watano ningeirudisha skima kesho, au ningekuwa mtu wa kusafiri ovyo nikikosa Jumamosi tatu mfululizo. Niko na wawili na sisafiri.

Skima niliiloweka kwenye siki usiku mmoja, ikatoka kama mpya, na leo jioni imeondoka kwa pauni 35. Aliyeinunua ana tangi la lita 180 na samaki saba. Nilimweleza habari ya mafuta ya nazi, akadhani namtania.

Jumamosi: nitrati 8, fosfeti 0.06, chumvi 35, nyuzi joto 25.5. Lita 10 zimetoka, lita 10 zimeingia. Binti yangu alikuja mbio jikoni akilia kwamba kamba amekufa, kalala kando ya jiwe la nyuma, mweupe, haonyeshi dalili. Nikaenda naye. Lilikuwa gamba tupu, miguu na sharubu zote zimo. Mwenyewe alikuwa amejificha chini ya jiwe, sharubu mbili tu nje, anasubiri gamba jipya likauke. Sawa, "likauke" si neno lake huko majini. Likaze.